Milango Miwili ya Nyumba Moja: Makumbusho ya Leipzig na Mafundi wa Ufipa

Wasomaji wetu wengi, walimu na watumishi wa Kanisa, wamepata kusikia habari za nyumba zile za Ulaya ambamo vitu huwekwa nyuma ya vioo ili watu wavitazame. Nia yetu katika kurasa hizi si kusimulia safari. Masimulizi ya safari ni mengi, na mengi hayana faida ila kumtukuza msafiri. Twataka kuipima nyumba moja ya namna hiyo, iliyoko Leipzig katika nchi ya Ujerumani, kwa jicho la watu watokao Chanji. Kisha twataka kuigeuza mizani ile ile na kujipima sisi wenyewe tukaao Sumbawanga na katika vijiji vya Ufipa, karibu na kazi kubwa za mafundi ambao habari zao twaziacha zipotee.

Nyumba hiyo huitwa Grassi, kwa jina la Franz Dominic Grassi, mfanyabiashara wa mji ule aliyefariki mwaka 1880 na kuuachia mji mali nyingi. Jengo lililopo leo lilijengwa kati ya mwaka 1925 na 1929, na juu ya paa lake pana pambo la rangi ya dhahabu lenye umbo la nanasi. Ndani yake yamo makumbusho matatu. Ya kwanza ni makumbusho ya sanaa za mikono, yaliyoanzishwa mwaka 1874. Ya pili ni makumbusho ya mila na makabila ya dunia, yaliyoanzishwa mwaka 1869. Ya tatu ni ya ala za muziki, nayo ni mali ya Chuo Kikuu cha Leipzig. Jengo ni moja, lakini mgeni yampasa kuchagua mlango. Na katika kuchagua huko ndiko lilikozaliwa swali letu. Kiti cha Mzungu kimepita mlango mmoja, na kigoda cha Mwafrika kimepita mlango wa pili. Ni nani aliyevitenga, na kwa hoja gani?

Kabla ya kujibu, yafaa msomaji ajue makumbusho ya sanaa za mikono yalianzishwa kwa sababu gani. Mwaka 1851 yalifanyika London maonyesho makubwa ya kazi za mataifa. Baadhi ya Waingereza wakaona ya kuwa viwanda vyao vyatoa vitu vingi kwa haraka, walakini uzuri wa vingi ni haba. Kwa hiyo mwaka 1852 wakaanzisha makumbusho ambayo leo huitwa Victoria and Albert, ili mafundi na wanafunzi wapate mifano mizuri ya kujifunzia. Shauri hilo likaenea. Vienna ikafungua makumbusho yake mwaka 1864, Berlin mwaka 1867, na Leipzig ikafuata. Nyumba hizo hazikukusudiwa kuwa hazina za wafalme. Zilikuwa shule, na mwalimu wake alikuwa kitu chenyewe: kikombe kilichofinyangwa vema, kitambaa kilichofumwa vema, kufuli lililofuliwa vema. Basi kipimo cha haki cha kuzipimia ni kile zilichojiwekea zenyewe: je, fundi aingiaye hutoka akiwa fundi bora zaidi?

Kwa kipimo hicho, mlango wa kwanza wa Leipzig wastahili sifa, nasi hatutaki kumnyima mtu haki yake. Vitu vimepangwa kwa kufuata zamani zake: kwanza kazi za tangu Wayunani na Warumi hata karne ya 19; kisha vyumba vya sanaa za Asia, pamoja na mafunzo ambayo Ulaya iliyapata kwao; kisha kazi za tangu mwisho wa karne ya 19 hata siku zetu. Kwenye ngazi kuu pana madirisha ya vioo aliyoyabuni Josef Albers. Yaliharibika katika vita, yakafanywa upya mwaka 2011 kwa kuufuata mfano wake, na jina lake halikusahauliwa. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1920 nyumba hiyo imekuwa na soko lake la mafundi liitwalo Grassimesse, ambalo lilikatika kwa miaka mingi na kurudishwa mwaka 1997. Humo fundi aliye hai huleta kazi yake na kuiuza. Jambo hili lilitupendeza kuliko yote. Kitu cha kale na kitu kipya vinakutana chini ya paa moja, na fundi wa leo aweza kujifunza kwa fundi aliyekufa miaka 300 iliyopita kana kwamba ni jirani yake.

Kuna unyenyekevu pia katika vyumba vile, nao wafaa kutajwa. Kwa muda mrefu Wazungu walinunua vyombo vya kauri kutoka China bila kujua siri ya kuvitengeneza. Mnamo mwaka 1708 Johann Friedrich Böttger na wenzake waliigundua siri hiyo katika nchi ya Saksonia, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa Meissen, si mbali sana na Leipzig. Makumbusho hayafichi ya kuwa Mchina ndiye aliyekuwa mwalimu na Mzungu ndiye mwanafunzi. Wala sisi wa Afrika ya Mashariki hatukuwa mbali na habari hizo, maana watu wa Pwani walizipachika sahani na bakuli za Kichina katika misikiti na makaburi yao karne nyingi kabla ya Meissen kuwasha tanuru lake, na katika nyumba kubwa za Lamu na Pate zilijengwa zidaka ukutani, ambamo vyombo vizuri viliwekwa vitazamwe. Mtu asidhani, basi, ya kuwa kukipa kitu kizuri mahali pa heshima ni mawazo ya Ulaya peke yake. Tofauti ni kwamba kidaka kilikuwa ndani ya nyumba ya mwenye chombo.

Sasa na tutazame vibao, yaani karatasi ndogo zinazoandikwa kando ya vitu. Mkosoaji wa makumbusho asiyesoma vibao ni sawa na mkosoaji wa kitabu aliyetazama jalada tu. Katika nyumba ya sanaa za mikono, kibao humwambia mtazamaji jina la fundi likijulikana, au jina la karakana, na mji, na mwaka. Hata pale fundi asipojulikana, hutajwa mji wake. Vyombo vya Meissen hubeba alama ya panga mbili za buluu zilizopishana, na kwa alama hiyo karakana hujulikana popote chombo kiendapo. Kwa ufupi, kibao hujibu swali, "Ni nani aliyekifanya?"

Katika makumbusho ya makabila, si ya Leipzig tu bali ya Ulaya nzima, desturi ya daftari na vibao kwa miaka mingi imekuwa nyingine. Huandikwa jina la kitu, jina la kabila, jina la nchi, na jina la mtu aliyekileta Ulaya. Aliyekifanya hatajwi. Kwa ufupi, kibao hujibu swali, "Ni nani aliyekichukua?" Hili ndilo kosa tunalolishitaki. Si kosa la vumbi, wala la taa hafifu, wala la ramani iliyokosewa. Ni kosa la kuandika jina la mchukuzi mahali pa jina la fundi.

Twachukua mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya makabila ya Leipzig alikuja katika nchi yetu, akasafiri upande wa kusini, Lindi, Masasi na Newala, akafika kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia na havijaisha kabisa, naye alitembea akilindwa na askari. Alirudi na vitu vingi sana, na mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa makumbusho hayo. Hatusemi ya kuwa kila kitu alikipata kwa nguvu, maana hatukuwapo, na vingine alivinunua. Twasema tu ya kuwa mwenye kuuza mbele ya bunduki, baada ya mwaka wa vita, hayuko sawa na mwenye kuuza sokoni siku ya amani.

Watetezi wa desturi hiyo huleta hoja tatu, nasi tutazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba majina ya mafundi wa Afrika hayakujulikana. Hoja hii Weule mwenyewe aliivunja. Katika kitabu cha safari yake alichokitoa mwaka 1908 alitia michoro iliyochorwa na Waafrika kwa penseli na karatasi alizowapa, na kando ya baadhi ya michoro hiyo aliandika jina la mchoraji. Mmojawapo ni Pesa Mbili, Mnyamwezi wa msafara wake. Jina la mchoraji liliwezekana kupatikana kwa sababu Weule aliliuliza. Majina ya waliochonga vinyago na kufinyanga vyungu yangaliweza kupatikana vivyo hivyo. Asiyeuliza asiseme ya kuwa jibu halikuwapo.

Hoja ya pili ni kwamba kazi za Wazungu zilifanywa kwa uzuri, bali kazi za Waafrika zilifanywa kwa matumizi au kwa ibada, kwa hiyo ni mila na si sanaa. Msomaji mwenye akili ataona upesi udhaifu wake. Bilauri ya Mzungu ni ya kunywea. Kiti chake ni cha kukalia. Kikombe cha dhahabu cha altare ni cha ibada, na hapana mtu wa makumbusho ya sanaa anayekikataa kwa sababu hiyo. Ikiwa matumizi na ibada haviuondoi uzuri katika kazi ya Leipzig, haviwezi kuuondoa katika kazi ya Newala.

Hoja ya tatu, nayo twaisikia hata katika vinywa vya wenzetu, ni kwamba vitu hivi vingaliachwa Afrika vingaliliwa na mchwa, bali Ulaya vimetunzwa. Katika hoja hii mna kweli, maana mchwa wetu hawana huruma. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba mwaka 1943 Leipzig ilipigwa kwa mabomu, jengo la Grassi likaungua, na vitu vingi mno vikateketea usiku mmoja. Hatusemi hayo kwa kufurahia msiba wa watu. Twasema ili ijulikane ya kuwa hapana nchi iliyopewa na Mungu hati ya usalama, na kwamba utunzaji peke yake hautoshi kuwa haki ya umiliki.

Haki yatutaka tuseme pia ya kuwa watu wa Leipzig wenyewe wameanza kujihoji. Tangu mwaka 2022 makumbusho ya makabila yamekuwa yakipangwa upya, na humo umefanywa ukumbi wa ukumbusho unaohusu mabaki ya miili ya watu yaliyoletwa zamani na ambayo yapasa kurudishwa makwao. Mwaka huo huo kundi la wasanii liitwalo PARA liliivunja nguzo ya ukumbusho wa Weule iliyokuwa ndani ya makumbusho. Tendo hilo lilikuwa sehemu ya kazi yao juu ya jiwe ambalo Hans Meyer, mtu wa Leipzig, alilitwaa katika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, nao walitaka lirudi Tanzania. Wengine waliona ni ukorofi. Sisi twaona ni dalili ya kuwa nyumba ile i hai, maana maiti hagombani na nafsi yake. Hata hivyo kuvunja nguzo hakumpi jina fundi wa Newala. Milango bado ni miwili.

Hapa twaomba ruhusa ya kuingia katika maneno, maana kurasa hizi zahusu lugha pia, na twaamini ya kuwa Kiswahili chaweza kuwasaidia hata wenye makumbusho. Neno sanaa lilitoka katika Kiarabu, na kwa asili lilikuwa na maana ya kazi ya ustadi, kazi ya mikono iliyofunzwa. Seremala, mfua fedha, mfumaji na mchoraji wote walikuwa watu wa sanaa. Kuitenga sanaa iliyo juu na ufundi ulio chini ni jambo tulilolipokea baadaye kwa kufuata lugha za wengine. Neno fundi nalo ni la ukoo mmoja na kufunda, kufundisha na mafundisho. Fundi ni mtu aliyefundwa, naye huwafunda wengine. Kwa hiyo makumbusho yaliyoanzishwa ili kuwafundisha mafundi yalikuwa, kwa Kiswahili, yanarudisha neno katika shina lake.

Neno lenye faida zaidi kwetu ni pambo. Watu husema "sanaa za mapambo," wakidhani pambo ni kitu cha ziada, kilichobandikwa juu ya kitu kilichokwisha kukamilika. Lakini na tuwasikilize Waswahili wenyewe. Bibi arusi hupambwa, na maiti naye hupambwa kabla ya kuzikwa. Hapana mtu asemaye ya kuwa maiti amepambwa ili apendeze. Hupambwa kwa sababu anavuka kutoka hali moja kwenda hali nyingine, na mavuko hayo yana heshima yake. Basi kupamba, kwa Kiswahili, ni kukitayarisha kitu au mtu kwa kazi yake kubwa. Anayeelewa hivyo hawezi tena kuuliza kama kigoda chenye nakshi ni cha matumizi au cha uzuri. Swali lenyewe limekufa.

Kwa nuru ya neno hilo na turudi Ufipa. Tulipomweleza mzee mmoja wa kijijini habari za mikuki na majembe ya Kiafrika yaliyowekwa katika nyumba za Ulaya, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, jembe wamelichukua. Na tanuru je?" Hatukuwa na jibu, ila kwamba tanuru halibebeki.

Wasomaji wa Ufipa wanalijua jina la ilungu, na kwa wingi malungu. Ni tanuru refu la udongo, pana chini na jembamba juu, urefu wake yapata mita 3. Mafundi walilijenga karibu na kichuguu, maana udongo wa kichuguu ndio uliofaa. Halikuvuviwa kwa mivukuto. Palikuwa na matundu chini yaliyotiwa mirija ya udongo, na urefu wa tanuru wenyewe uliuvuta upepo ndani, kama bomba la moshi livutavyo. Lilijazwa makaa na mawe ya chuma, likaachwa liwake kwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na uchafu, kwa hiyo kilitiwa mara ya pili katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, ambalo ndilo lililovuviwa kwa mivukuto. Ndipo kikaenda kwa mhunzi kufuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Majembe hayo yalisafiri mbali katika biashara, na yaliingia pia katika mahari.

Padre Wyckaert wa shirika la White Fathers aliandika habari za wahunzi wa upande huu wa Tanganyika mwaka 1914 katika jarida la Anthropos. Baada yake wengine wameandika, na katika siku zetu mwanaakiolojia Bertram Mapunda amechunguza mabaki ya tanuri za Ufipa na kuonyesha ya kuwa ziko za namna zaidi ya moja na za zamani mbalimbali. Walioandika wameeleza ya kuwa fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa zake, kwamba mafundi walijizuia na wake zao siku za kazi, na kwamba tanuru jipya lilitendewa kama bibi arusi na kupambwa, maana lilitazamiwa kuzaa chuma. Msomaji ataona sasa kwa nini tulilipima neno pambo kwa urefu hivi. Tanuru halikupambwa ili wapita njia walisifu. Lilipambwa kwa kuwa lilikuwa karibu kufanya kazi yake kubwa. Lingewekwa mlango gani pale Leipzig? Mlango wa kwanza wangesema ni mila. Mlango wa pili wangetwaa kikapu cha dawa na kuliacha tanuru. Kumbe ufundi, uzuri na desturi vilikuwa kitu kimoja katika akili ya aliyelijenga, wala hakuna kioo kiwezacho kuvitenga bila kuvua maana yake.

Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea kwa bei ndogo. Lakini malungu hayakuondoka. Mengine yamesimama hata leo mashambani na vichakani, mengine yamebaki kiunoni, mengine ni duara la udongo mwekundu tu. Na hapa ndipo mizani inapotugeukia. Ni nani anayeyaangusha? Si Mzungu. Ni mvua, na mizizi ya miti, na sisi. Shamba likipanuliwa, tanuru hulimwa. Jembe la leo laliangusha tanuru lililokuwa mama wa jembe la jana, na mwenye shamba hana hatia, kwa sababu hapana aliyemwambia lile rundo la udongo ni kitu gani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda hasa vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, na malungu mengi yalijengwa baada ya mwaka huo. Serikali yaweza kuyatangaza mengine kuwa kumbukumbu, lakini haiwezi kutangaza kitu ambacho hapana mtu aliyeipa habari zake.

Wala vibao vyetu si bora kuliko vya Leipzig. Katika shule zetu mtoto aweza kututajia jina la mtu wa Ulaya aliyebuni mashine ya mvuke, na hawezi kumtaja fundi mmoja wa kijiji chake aliyejenga ilungu. Hapa Chanji seremala akitaka mfano wa kiti hutafuta picha iliyotoka ng'ambo. Nguo za pamba ambazo Wafipa walizifuma kwa mikono yao wenyewe, vijana wengi hawajui ya kuwa zilipata kuwako. Tukiwashitaki watu wa Leipzig kwa kutoandika jina la fundi, nao wakatuuliza, "Ninyi mmeyaandika wapi?", tutajibu nini? Maandiko Matakatifu, yanapoeleza ujenzi wa hema la kukutania, yamtaja fundi Bezaleli, na baba yake, na kabila lake, yote matatu. Mwandishi wa Kutoka hakuona jina la fundi kuwa jambo dogo kwa kitabu kitakatifu. Sisi tumeliona kuwa dogo kwa daftari la shule.

Hatuombi ijengwe nyumba ya fahari Sumbawanga, ingawa siku ikija tutaifurahia. Twaomba kazi iliyo ndani ya uwezo wa kila mwalimu na kila katekista wa Ufipa. Kwanza, ayahesabu malungu yaliyo katika kijiji chake, ayapime urefu na upana, na kuyapiga picha. Leo simu ya mkononi yatosha. Pili, awaulize wazee jina la aliyelijenga kila moja, na la baba yake, na kijiji alikotoka. Na jina lisipokumbukwa, aandike "halikumbukwi," asiliruke, maana pengo lililoandikwa laweza kujazwa na mwingine. Tatu, akusanye maneno ya Kifipa ya kazi hiyo: jina la kila sehemu ya tanuru, la kila udongo, la kila mti wa makaa, la kila zana. Maneno haya yafa haraka kuliko udongo. Nne, amwambie mwenye shamba kilichomo shambani mwake, kwa adabu, akijua ya kuwa shamba ni la mwenyewe.

Na jambo la tano twalisema kwa uzito zaidi. Mwalimu asikusanye vitu. Asichukue kikapu cha dawa na kukiweka kabatini mwa ofisi ya parokia, hata akipewa kwa moyo mweupe, bila kuandika jina la mwenye nacho na masharti aliyoyataka. Yako mambo ambayo mzee hataki kuyasema, na hiyo ni haki yake. Swali likataliwapo mara moja lisirudiwe kwa ujanja. Tukifanya kinyume, tutakuwa tumefungua mlango wa pili hapa hapa Chanji, na kumwandika mchukuzi mahali pa fundi.

Kiswahili kiliita nyumba hizi makumbusho, yaani vitu vya kumkumbusha mtu. Hakuna awezaye kukumbushwa jambo ambalo hakupata kulijua. Mtazamaji wa Leipzig, akisimama mbele ya kigoda kisicho na jina, hakumbushwi kitu; anaonyeshwa tu. Anayeweza kukumbushwa ni mjukuu wa aliyekifanya, naye yuko mbali. Lakini mjukuu wa fundi wa ilungu yuko karibu, huenda ameketi katika darasa la pili la msomaji wetu asubuhi hii, na tanuru la babu yake liko mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Masika hayako mbali, na kila masika hupunguza udongo. Ajaye kuuliza mwaka huu atamkuta mzee wa kumjibu.